Ile kura ya Desemba 2014 ilihesabiwaje?

*Swali: Nafundisha Historia na Serikali katika shule ya sekondari huku Kisauni, Mombasa. Tulipofika mada ya utungaji wa sheria niliwaonyesha wanafunzi picha za wabunge wa Kenya wakirushiana karatasi na maji mnamo Desemba 2014, siku ya mswada wa usalama. Walicheka sana, kisha wakaniuliza: kura ya namna hiyo ilihesabiwaje, na ikawaje halali? Na kama majaji ndio walioikata sheria baadaye, mjadala wa Bunge una kazi gani kwenye mambo ya ugaidi?*

Salamu, Mwalimu, na salamu kwa darasa lako. Nianze na lile jepesi: kura ile ilisimama, na wala haikuhesabiwa.

Ibara ya 122 ya Katiba yetu inasema jambo likifika Bungeni huamuliwa na wengi wa wabunge waliopo na wanaopiga kura. Njia ya kawaida ya kuwajua hao wengi ni masikio ya Spika. Anataja hoja, wanaoafiki wanasema “ndio”, wanaopinga wanasema “la”, naye anatangaza upande uliosikika zaidi. Asiyeridhika anaweza kudai mgawanyiko, yaani kila mbunge ahesabiwe kwa jina lake. Dai hilo hutaka wabunge wa kutosha wasimame kuliunga mkono, na hutaka aliyekalia kiti awaone na kuwasikia. Sasa fikiria Desemba 18, 2014. Karatasi za shughuli za siku zinachanwa, Naibu Spika Joyce Laboso anamwagiwa maji, Spika Justin Muturi anaahirisha kikao, kinarudi, kelele zinaanza upya. Vifungu vikapita kwa sauti katikati ya zogo hilo. Upinzani ulitaka kuzuia kura kwa makelele, na makelele yakaufunika ule mlango mmoja ambao ungewalazimisha wenzao waseme ndio huku majina yao yakiandikwa.

Kura ya sauti haiachi majina. Mzazi wa mmoja wa wanafunzi wako akitaka leo kujua mbunge wake alisema nini juu ya kifungu fulani siku ile, Hansard, yaani kumbukumbu rasmi za Bunge, itamwonyesha waliozungumza, na mara nyingi itamwonyesha vurugu tu. Mimi hilo ndilo linaloniuma kuliko yale maji.

Wanafunzi wako wengi walikuwa wachanga wakati huo, kwa hiyo wakumbushe hali ilivyokuwa. Septemba 2013 watu 67 waliuawa katika jengo la Westgate. Juni 2014 Mpeketoni, kule Lamu, zaidi ya 60. Katikati ya Novemba polisi wakavamia misikiti ya Musa na Sakina hapo hapo Mombasa na kukamata watu zaidi ya 200. Novemba 22 basi likasimamishwa karibu na Mandera, abiria 28 wakauawa, na Al-Shabaab wakasema wanalipiza ile misikiti. Desemba 2 wachimba mawe 36 wakauawa huko huko Mandera. Siku hiyo hiyo Inspekta Jenerali David Kimaiyo akaondoka, Joseph ole Lenku akapoteza wizara ya usalama, na jina la Joseph Nkaissery likapendekezwa badala yake. Katika hali hiyo serikali ilihitaji kuonekana inafanya jambo, na jambo linalofanyika upesi kuliko yote ni kuandika sheria. Kununua ndege ya kusafirisha makomando huchukua muda. Miezi mitatu na ushei baadaye, Aprili 2, 2015, watu 148, wengi wao wanafunzi, waliuawa Chuo Kikuu cha Garissa huku kikosi maalum kikichelewa kufika kutoka Nairobi. Sheria mpya ilikuwa kitabuni tayari.

Turudi kwenye mswada. Uliletwa na Asman Kamama, mwenyekiti wa kamati ya utawala na usalama wa taifa, ukasukumwa na Aden Duale, Kiongozi wa Wengi. Ulikuwa kapu. Ndani yake mlikuwa na mabadiliko ya sheria nyingi kwa mpigo: ya makosa ya jinai, ya mwenendo wa kesi, ya ushahidi, ya wakimbizi, ya polisi, ya ujasusi, na ile Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya 2012. Kapu la namna hiyo humbana mbunge. Ukikubali kwamba polisi wapewe nguvu zaidi mpakani, unajikuta umekubali pia faini kwa magazeti. Haukupitia Seneti. Rais Uhuru Kenyatta alitia saini Desemba 19, siku moja baada ya kupita, ingawa Katiba ingemruhusu siku 14 za kuusoma na hata kuurudisha.

Hapa wanafunzi wako watasema: basi mjadala ulikuwa mchezo wa kuigiza. Siafiki, na nina sababu moja nzito.

Mswada ulivyochapishwa ulitaka mshukiwa wa ugaidi aweze kuwekwa rumande hadi siku 360, karibu mwaka mzima, kabla kesi yake haijaanza. Fungua leo Sheria ya Kuzuia Ugaidi, kifungu cha 33, utakuta kikomo ni siku 90 kwa jumla, tena kwa amri ya mahakama. Siku 270 zilipotea wapi? Hazikukatwa na jaji. Zilikatwa ndani ya Bunge lenyewe, katika siku chache kati ya kuchapishwa kwa mswada na kupitishwa kwake, wakati mashirika ya haki za binadamu, makanisa, misikiti na wanasheria walipokuwa wakipiga kelele nje, na serikali ikaona mambo mengine hayatabebeka hata kwa wabunge wake. Kazi hiyo haina picha za kuvutia. Ni watu wamekaa na kalamu wakifuta “mia tatu na sitini”. Ukitafuta mahali ambapo Bunge hufanya kazi yake kwenye sheria hizi, tazama kamati na yale marekebisho ya kifungu kwa kifungu. Hotuba za kusomwa mara ya pili ni za televisheni.

Na huku pwani tuna ushahidi wa zamani zaidi. Baada ya ubalozi wa Marekani kulipuliwa Nairobi Agosti 7, 1998, ambapo watu 213 walikufa Nairobi na 11 Dar es Salaam, na baada ya Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa kupitisha azimio 1373 mwezi Septemba 2001, nchi zote zilisukumwa zitunge sheria. Tanzania na Uganda zilitunga zao mwaka 2002. Kenya, iliyokuwa imepigwa tena Kikambala Novemba mwaka huo huo, ilichapisha mswada wake 2003. Ndani yake mlikuwa na kifungu cha 12, kilichofanya kuwa kosa kuvaa hadharani vazi kwa namna ya kuzua shaka kwamba mvaaji ni mfuasi wa kundi la kigaidi. Kifungu hicho kilitoka karibu neno kwa neno kwenye sheria ya Uingereza ya 2000, ambako kilitungwa watu wakifikiria sare na kofia za makundi ya kijeshi ya Ireland ya Kaskazini. Kikitua Mombasa, kanzu na kofia ya kiua vikaingia mashakani. Waislamu walikataa, mawakili wakakataa, na mswada ukafa. Ulirudi kwa sura nyingine 2006, ukafa tena. Iliyopita ni ile ya 2012, iliyotiwa saini na Rais Mwai Kibaki mwezi Oktoba, na kifungu cha mavazi hakimo. Miaka tisa ya ubishi ilitupatia sheria ambayo, kwa dosari zake zote, ilimtaka afisa wa polisi anayetaka kunasa simu ya mtu aende kwa jaji wa Mahakama Kuu kwanza.

Linganisha miaka tisa hiyo na majuma mawili ya 2014.

Sasa mahakama. Muungano wa upinzani, CORD, pamoja na Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu, walikwenda kortini. Januari 2, 2015 Jaji George Odunga akasimamisha vifungu vinane kwa muda. Februari 23 majaji watano, Isaac Lenaola, Mumbi Ngugi, Hilary Chemitei, Hedwig Ong’udi na Joseph Onguto, wakatoa hukumu. Waliombwa waifute sheria yote kwa sababu ya namna ilivyopitishwa. Hawakukubali. Vurugu zile hazikuiua sheria, na hili ndilo jibu kamili la swali la kwanza la darasa. Walichofanya ni kupima kifungu kimoja kimoja dhidi ya Katiba, na vinane vikaanguka.

Viwili nitavitaja kwa sababu vijana huvielewa haraka. Kimoja kilisema mwandishi akichapisha habari inayodhoofisha uchunguzi wa ugaidi bila idhini ya polisi, afungwe hadi miaka mitatu au atozwe faini hadi shilingi milioni tano, au vyote viwili. Maana yake ni kwamba wale wanaochunguzwa na vyombo vya habari ndio wangetoa kibali cha kuandikwa. Cha pili kilisema wakimbizi na waomba hifadhi nchini wasizidi 150,000, wakati Kenya ilikuwa na zaidi ya mara tatu ya idadi hiyo. Waliozidi wangepelekwa wapi? Kumrudisha mtu kwenye vita alivyovikimbia kumekatazwa na mikataba tuliyotia saini wenyewe. Mwandishi yeyote wa sheria aliyeketi mezani kwa saa moja na ramani ya kambi za wakimbizi za Dadaab angeliona hilo. Vingine vilivyoanguka vilihusu haki ya mshtakiwa: ushahidi wa upande wa mashtaka kufichwa, na amri ya dhamana kusimamishwa kwa kuwa tu mwendesha mashtaka amekata rufaa.

Lakini mwambie yeyote anayeshangilia hukumu hiyo atazame pia vilivyobaki. Kimebaki kifungu cha 12D, kinachompa hadi miaka 30 gerezani mtu anayefuata au kueneza itikadi kali kwa lengo la kuwezesha vurugu. Na kimebaki kifungu cha 36A. Hiki nakaa nacho kidogo.

Nimekwambia kwamba sheria ya 2012 ilimpeleka polisi kwa jaji kabla ya kunasa mawasiliano. Kifungu cha 36A, kilichoingizwa 2014, kinasema vyombo vya usalama wa taifa vinaweza kunasa mawasiliano ili kugundua, kuzuia na kuvuruga ugaidi, kwa kufuata utaratibu utakaowekwa na waziri. Hakitaji jaji. Kinasema wazi kwamba haki ya faragha ya Ibara ya 31 itapunguzwa kwa ajili hiyo. Majaji watano walikipima wakakiacha, wakikubali kwamba ugaidi una ugumu wake na kwamba upunguzaji huo unaweza kutetewa. Ila ndani yake kuna sentensi moja ambayo kwangu ndiyo yenye thamani kuliko fujo zote za siku ile: kanuni za waziri hazina nguvu mpaka ziidhinishwe na Bunge la Taifa. Kwa hiyo kura ya Desemba 18 haikuwa ya mwisho. Utaratibu wenyewe, nani anasikiliza simu ya nani, kwa muda gani, na rekodi zinafutwa lini, ulipaswa kurudi mbele ya wabunge, siku ambayo hakuna jeneza barabarani. Kikao cha namna hiyo hakiwezi kuwa na kamera nyingi wala mtu wa kurusha maji. Ndicho cha kufuatiliwa.

Hapo nafika kwenye jibu langu la swali lako la mwisho. Mjadala wa Bunge juu ya ugaidi huwa na thamani pale tu unapolazimishwa kurudiwa. Usiku wa hasira wabunge hupitisha chochote. Si kwetu tu. Congress ya Marekani ilipitisha sheria yake kubwa mwezi mmoja na nusu baada ya Septemba 11, 2001, na katika Seneti ni mtu mmoja tu, Russ Feingold, aliyesema hapana dhidi ya 98. Dawa waliyoigundua wengine ni kifungu cha ukomo, yaani kifungu kinachozaliwa na tarehe yake ya kufa.

Mfano ulio wazi kuliko yote naujua wa Kanada. Desemba 2001 bunge lao lilitoa nguvu mbili ambazo hawakuwahi kuwa nazo. Ya kwanza, mtu asiye mshtakiwa aweze kuitwa mbele ya jaji na kulazimishwa kujibu maswali juu ya ugaidi. Ya pili, polisi waweze kumkamata mtu kabla hajatenda kosa, kwa kushuku kwamba hilo litazuia shambulio, akae hadi saa 72, kisha aachiliwe kwa masharti. Wabunge wenyewe waliziogopa nguvu hizo, wakazipa miaka mitano tu. Miaka ikapita. Ile ya kwanza ilijaribiwa mara moja, katika kesi ya ndege ya Air India iliyolipuliwa 1985 na kuua watu 329. Ya pili haikuwa imetumika hata mara moja. Februari 27, 2007 serikali ya Stephen Harper ikaomba ziendelee, na Bunge likakataa kwa kura 159 dhidi ya 124. Utamu wa hadithi ni kwamba chama cha Liberal kilichopiga kura ya kuziua ndicho kilichozizaa kikiwa madarakani. Hawakuwa wamegeuka malaika. Walikuwa upinzani sasa, na siasa ilikuwemo tele. Hata hivyo swali waliloulizana lilikuwa la maana: nguvu hii imetumika lini, na imemkamata nani? Swali hilo haliwezekani kuulizwa mara ya kwanza, kwa kuwa hakuna anayejua. Nguvu zile zilirudishwa Aprili 2013, siku chache baada ya mabomu ya Boston, na Bunge lao likaafiki. Unaona tena saa ya kura inavyochaguliwa na msiba.

Uingereza nako, ambako sisi tulinakili hata ile habari ya mavazi, jambo la siku 90 lina historia yake. Julai 2005 watu 52 waliuawa London kwenye treni na basi. Tony Blair akataka polisi wamshikilie mshukiwa siku 90 bila mashtaka. Kikomo kilikuwa 14. Novemba 9 Bunge la Makabwela likamkatalia kwa kura 322 dhidi ya 291, na wabunge 49 wa chama chake wakiwa upande wa waliokataa. Hakuwahi kushindwa humo tangu awe waziri mkuu. Wakampa siku 28, kwa sharti kwamba ziombwe upya kila mwaka. Januari 2011 serikali nyingine ikaacha tarehe ipite bila kuomba, na kikomo kikarudi 14 chenyewe. Hakuna aliyepigana wala aliyekwenda kortini. Huko kila mbunge huhesabiwa kwa kupita mlangoni, upande wa ndio au upande wa hapana, na asubuhi gazeti lina majina. Wale 49 walijua hivyo walipokuwa wakitembea.

Kwetu, sheria ya 2012 na nyongeza za 2014 hazina tarehe ya kufa. Kifungu cha 33, cha 12D na cha 36A vitakuwepo mpaka mtu alete mswada wa kuviondoa, na sijaona mwanasiasa wa Kenya anayetaka kusimama jukwaani akisema anawapunguzia polisi nguvu dhidi ya magaidi. Kwenye ukomo mzigo uko kwa anayetaka nguvu iendelee. Bila ukomo uko kwa anayetaka iishe, naye huwa hana kura wala kamera.

Kwa darasa lako, ningefanya hivi. Wape kifungu cha 36A kilivyo, bila maelezo yangu. Wagawe wawe Bunge. Wapige kura ya sauti kwanza, wenye koo wapige kelele watakavyo, nawe ukiwa Spika utangaze upande uliosikia. Kisha, bila mjadala mwingine, waite mmoja mmoja kwa orodha ya mahudhurio, kila mtu aseme ndio au la huku jina lake likiandikwa ubaoni. Andika matokeo mawili hayo kando kwa kando, na uniarifu kama yalilingana.